Cheti cha Fundi Hakawii

Mwalimu wa chekechea aliingia bila hodi, simu kainyoosha mbele kama mtu aliyekamata ushahidi, akasema anataka kitambaa chake.

"Kitambaa kipi tena, Mwalimu?" Fundi alitoa pini mdomoni. "Gauni lako liko tayari. Lile pale linaning'inia, linanitazama kila nikiinua uso. Uliniambia la harusi ya dada yako, nikajikaza, nikalimaliza, harusi imepita, na wewe hujatokea. Wateja wa siku hizi mmekuwaje?"

"Harusi imepita?" Mwalimu alikunja uso. "Harusi ya nani?"

"Mwalimu, karibu kiti!" mke wa Fundi akadakia kutoka kwenye meza ya kukatia, kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika. "Hebu kwanza tuambie hicho kilichokuleta."

Mwalimu hakukaa. Alisema alitaka kutazama mishono mipya kwenye tovuti yao asubuhi hiyo akiwa kitandani, simu ikamkatalia. Ilikuwa imemwekea ukurasa mwekundu ambao hajawahi kuuona maishani. Akampa Fundi asome mwenyewe, na Fundi akasoma kwa sauti, polepole, akifuatisha kwa kidole.

"Muunganisho wako si salama. Huenda kuna watu wanajaribu kukuibia..."

Hapo akaishia. Mbele kulikuwa na neno "taarifa", lakini hakulifikia. Aliinama chini ya meza ya pasi, akalifungua gunia lililokuwa nyuma ya ndoo, akatoa kipande cha kitambaa cha buluu kilichokunjwa vizuri na kumkabidhi Mwalimu kwa mikono miwili.

"Hiki hapa. Kilibaki. Nilikuwa nimekuwekea tu, wala sikuwa na nia nyingine."

Mwalimu alikikunjua. Kingetosha sketi, na mkoba wa kuendana nayo.

"Kumbe kilibaki?" akasema. "Mbona uliniambia kilipungua?"

Mke wa Fundi alijifunika uso kwa kipande cha karatasi ya kukatia, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Mwalimu aliondoka na kitambaa chake, na kwa sababu alikuwa mtu wa watu, hadi anafika dukani kwa jirani mtaa mzima ulishajua kwamba simu sasa zinawataja mafundi wezi.

Yule mke walimwita Mama Mkasi, kwa kuwa ndiye aliyekata nguo zote za nyumba ile na mkono wake haukuwahi kukosea mstari. Alipomaliza kucheka alichukua simu yake, akaifungua tovuti. Ukurasa mwekundu. Akaifunga, akaifungua tena. Mwekundu vilevile. Hapo kicheko kikamwisha kabisa, maana alikumbuka leo ni siku gani.

Leo ndiyo siku ambayo chuo cha wauguzi kilikuwa kinaamua nani ashone sare za wanafunzi wake wote.

 

Mafundi cherehani wanajulikana. Unampelekea nguo anakwambia Alhamisi, na Alhamisi ikifika umeme ulikatika, au shangazi alilazwa, au sindano zote mjini zimeadimika, basi wewe njoo kesho. Mume wa Mama Mkasi naye alikuwa hivyo hivyo, tena bingwa wao. Kuna bwana harusi aliyepokea wageni wake siku nzima bila kugeuka, kwa sababu mgongo wa koti lake ulikuwa umeshikwa na pini tupu.

Lakini ilikuwa inaelekea mwaka sasa mtu huyo amebadilika. Nguo zilikuwa zinamalizika kabla ya siku yake. Wateja walianza kwa kutoamini, wakaja kusifu, mwisho wakampa jina la Hakawii. Alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na baba yake. Alitengenezesha lebo za kitambaa zenye maandishi ya dhahabu, FUNDI HAKAWII, akazishona kwenye kola za nguo zote, na zilizobaki zikabandikwa popote palipobandikika: kwenye kioo, kwenye pasi, kwenye kona ya chini ya skrini ya kompyuta.

Kompyuta yenyewe ilikuwa ya zamani, nene, imekaa chini ya meza ya kukatia ambako ilipigwa mateke kila siku bila mtu kuiomba radhi. Ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ni kutunza oda. Mama Mkasi aliandika jina la mteja na siku ya nguo kutakiwa, na siku hiyo ilipokaribia ikalia kengele na kuandika jina kwa herufi kubwa, Fundi akakurupuka kama mtu aliyemwagiwa maji na kukimbilia cherehani. Yeye tarehe za wateja hakuzibeba kichwani hata moja. Aliijua kengele tu.

Ya pili ni kubeba tovuti. Hilo lilikuwa wazo la shemeji yake, mdogo wake Mama Mkasi, ambaye ukoo mzima ulimwita Mtaalamu. Wengine walimwita hivyo kwa heshima. Mtaalamu aliwaambia kwamba kuweka tovuti kwa watu ni sawa na kupanga chumba ilhali una nyumba yako, akaigeuza kompyuta hiyo hiyo kuwa seva, na akawafungia kwenye ruta waya mrefu wa manjano ambao ulimwangusha kila mgeni aliyeingia.

 

Katibu wa chuo hakungoja apigiwe. Alipiga mwenyewe, na alikuwa na ile sauti ya mtu anayeongea huku anasaini vitu vingine.

"Fundi, nimeipenda kazi yenu, na sampuli mliyoleta imewapendeza wakuu. Mpango ulikuwa kila mwanafunzi aingie kwenye tovuti yenu aandike vipimo vyake mwenyewe. Sasa nikifungua, naambiwa kuna watu wanavizia kuiba kinachoandikwa."

"Mheshimiwa Katibu, hizo ni fitina. Mabaki yote nimesharudisha."

"Mabaki gani?"

Mama Mkasi alimpokonya simu. "Shikamoo, Mheshimiwa. Ni hitilafu ndogo ya mitambo, inashughulikiwa."

"Marahaba. Mama, nielewe. Siwezi kuwaambia mabinti wa watu waandike vipimo vya kifua na nyonga mahali panapotangaza kwamba wezi wanatazama. Wazazi watanila nyama. Kikao chetu ni saa tisa alasiri. Ukurasa ukiwa umetulia kufikia hapo, kazi ni yenu. Usipotulia, nawapa wale wa duka kubwa la barabarani. Wao nguo zao si nzuri, lakini tovuti yao inafunguka."

Simu ilikatika. Fundi alikaa kwenye kiti chake cha kushonea na mikono ikalala mapajani. Kazi ile ingewatoa kwenye kutia viraka suruali za mtaa na kuwaingiza kwenye hesabu ya mafundi wanaotajwa. Tena kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu: alikuwa ameshajiona siku ya mahafali, amekaa nyuma kabisa ya ukumbi, akitazama safu ya wasichana waliovaa nyeupe na jina lake likiwa kwenye kila kola. Alikuwa ameipenda picha hiyo hata kabla ya kuipata.

"Mpigie ndugu yako," akasema.

 

Mtaalamu alifika na begi la mgongoni lililojaa nyaya, akaruka waya wake mwenyewe wa manjano, akateleza kidogo, akasalimia. Alivuta kigoda mbele ya skrini na kunyoosha vidole mpaka vikaalika.

"Mmegusa nini?" akauliza.

"Hatujagusa kitu," Fundi akajibu.

"Watu wote husema hivyo. Dada, mmegusa nini?"

"Si shemeji yako amekujibu?" Mama Mkasi aliendelea kukata kitambaa.

Mtaalamu akaanza kazi, na kama kawaida yake hakuifanya kimya. Aliizima kompyuta na kuiwasha. Aliizima ruta na kuiwasha. Alimwomba Fundi azime cherehani cha umeme, kwamba huenda kinasumbua mawimbi, Fundi akakizima, na dakika chache baadaye akaombwa akiwashe kwa sababu hakikuwa na hatia. Alitazama kama mlango wa seva wa kupokelea wageni uko wazi, akaukuta wazi. Alitazama kama anwani ya tovuti bado inaelekea pale nyumbani, akakuta inaelekea. Kila alipokuta kitu kiko sawa alionekana kuumia zaidi.

"Ukuta wa ulinzi," akasema. "Lazima ni ukuta wa ulinzi." Akaubomoa ukuta wa ulinzi. Ukurasa ukabaki mwekundu. Akaujenga tena.

"Shemeji," Fundi akasema kwa upole wa mtu anayemhitaji mwenzake, "hicho kitu chenyewe kinacholalamika ni kipi? Nieleze kama unavyomweleza mtoto."

"Cheti." Mtaalamu alifurahi kuulizwa. "Mtu akija kwenye tovuti yenu, simu yake inauliza kwanza: nyie ni akina nani? Seva inatoa cheti, ndiyo kitambulisho chenu. Simu ikikiamini, wanaongea kwa siri, hakuna wa kati anayesikia. Sasa cheti kina mwisho wake wa kutumika. Kikikaribia kuisha, kompyuta hii yenyewe inaiomba ile ofisi ya mtandaoni inayotoa vyeti iipe kingine. Chenu kimeisha jana."

"Na kwa nini haikuomba?"

"Hapo ndipo panaponichanganya. Imeomba. Imeomba kila siku kwa muda mrefu, na kila siku inagoma yenyewe mlangoni." Mtaalamu alisogeza uso hadi pua ikakaribia kioo. "Inasema hiyo ofisi inayotoa vyeti, cheti chake chenyewe kimeisha muda."

Fundi alifikiri. "Yaani anayetoa vitambulisho naye hana kitambulisho?"

"Ndivyo inavyosema."

"Basi hapo kosa si letu!"

Mtaalamu alitaka kutafuta mtandaoni kama kuna wengine waliopatwa na balaa hilo. Akafungua kivinjari cha kompyuta ile ile. Ukurasa wa kutafutia ukatoka mwekundu, cheti kimeisha muda. Akafungua gazeti. Limeisha muda. Akafungua benki. Imeisha muda. Fundi akamwambia ajaribu na ya serikali, na ya serikali nayo ikaisha muda mbele ya macho yao.

"Mungu wangu," Mtaalamu akanong'ona. "Ni dunia nzima."

Uso wa Fundi ulichangamka kama wa mtu aliyesamehewa. Kabla mkewe hajamfikia, alikuwa ameshapiga simu.

"Mheshimiwa Katibu! Tumegundua tatizo. Si sisi. Ni dunia nzima imeisha muda. Hata benki. Hata serikali, Mheshimiwa, nasikitika kukwambia."

Upande wa pili kukasikika kibodi ikigongwa.

"Fundi," Katibu akasema, "ya benki ninayo hapa mbele yangu. Inafunguka."

"Basi itazame vizuri, itakuwa inakudanganya."

"Saa tisa, Fundi," Katibu akasema, akakata. Mtu wa kupokea wageni pale ofisini kwake alikuwa anacheka, na kicheko hicho Fundi alikisikia vizuri kabla ya simu kunyamaza. Alijiona mjinga, na alikuwa na sababu.

 

Mama Mkasi alikuwa ameacha kukata. Mkasi ulikuwa umefunguka juu ya kitambaa na haukufungwa, maana alikuwa ameshajua. Tangu aliposikia maneno yale, dunia nzima imeisha muda, moyo wake ulikuwa umeshuka hadi kwenye ndala.

Dunia haikuwa imeisha muda. Ila kompyuta ndiyo iliyokuwa imetangulia.

Alikuwa ameanza taratibu, kama mtu anayeonja chumvi. Baada ya lile koti la pini alikaa mbele ya skrini, akazima ule mpangilio wa kompyuta kujirekebisha tarehe yenyewe, akaisogeza tarehe siku mbili mbele. Kengele ikalia mapema, Fundi akakurupuka mapema, nguo ikaisha siku yake. Mama Mkasi alilala usingizi mzuri usiku huo. Lakini mwili wa Fundi ulikuwa na akili yake. Baada ya muda uliizoea kengele, ukaanza kuilalia, ikabidi tarehe isogezwe wiki. Kisha wiki kadhaa. Binti wa mshona viatu alipoleta kitambaa cha shela, Mama Mkasi alitishika, akaisukuma tarehe mbele kwa miezi, akachukua lebo moja ya FUNDI HAKAWII na kuibandika kwenye kona ya skrini, pale pale tarehe inapoandikwa.

Tangu hapo nguo zilikuwa zinamalizika mapema kupita kiasi, zikawa zinaning'inia kwenye waya ukutani zikingoja watu wasio na haraka yoyote. Fundi alilalamika kwamba wateja siku hizi hawana adabu, wanaharakisha mtu halafu hawatokei. Mkewe alimwambia harusi nyingi zimeahirishwa. "Hata hii?" aliuliza. "Hata hiyo." Fundi alikuwa ameanza kuwahurumia vijana wa mji ule.

Sasa ilibidi achague haraka. Akiirudisha tarehe nyuma mumewe akiona, Hakawii anakufa pale pale kwenye kiti. Asiporudisha, sare zinaenda kwa wale wa duka la barabarani.

"Baba," akasema kwa sauti laini, "hizo zipu za sampuli ya pili bado hatujanunua. Nenda kachague mwenyewe. Mimi rangi sizioni kama wewe."

"Saa hizi? Nyumba inaungua unaniambia zipu?"

"Ukurasa ukitulia watataka kuona sampuli ya pili. Tutawaonyesha nini?"

Hoja hiyo ilimwingia, kwa sababu ilimsifu jicho. Alichukua kofia yake akatoka. Mama Mkasi alisubiri hadi nyayo zilipoisha barazani, akamsogeza ndugu yake kwa kiuno, na kwa ukucha akabandua lebo.

Mtaalamu alitazama kona ile. Akatazama kalenda ya ukutani. Akarudi kwenye kona.

"Dada."

"Najua."

"Hii kompyuta iko mwakani!"

"Punguza sauti."

"Kwa hiyo ndiyo sababu... Inaangalia cheti cha ofisi, kinaishia mwezi ujao, yenyewe imeshaupita huo mwezi, inasema kimekufa. Benki imekufa. Serikali imekufa. Kila mtu kafa!" Mtaalamu alishika kichwa. "Nimebomoa ukuta wa ulinzi! Nimezima cherehani! Na lebo nimeitazama tangu nimefika!"

"Ungetazama chini yake ungekuwa mtaalamu kweli. Rekebisha."

Alirekebisha. Haikuchukua muda mrefu kuliko kufunga kifungo. Aliirudisha tarehe mahali pake, akaiacha kompyuta ijirekebishe yenyewe kama za wenzake, akaiambia iombe cheti upya. Iliomba. Ofisi ya vyeti, ambayo haikuwa imekufa hata siku moja, ikaitikia. Mama Mkasi alifungua tovuti kwenye simu yake na pale juu pakatokea kufuli dogo, limefungwa, na chini yake mishono yote ya mumewe ikajipanga moja baada ya nyingine.

Halafu kompyuta ikafungua oda zake kama ilivyozoea tarehe ikibadilika, ikaandika kwa herufi kubwa kabisa: LEO HAKUNA KAZI. Chini yake yalikuwa majina ya wateja, mengi ya miezi ijayo, na karibu nguo zote za majina hayo zilikuwa zimeshamalizika na zinaning'inia ukutani.

"Tumwambie ni virusi," Mtaalamu akasema. Kwa mara ya kwanza siku hiyo aliongea kwa sauti ndogo. "Nitaongea maneno magumu, hatauliza. Rudisha tu lebo yako."

Mama Mkasi aliigeuza lebo kwenye kidole. Gundi ilikuwa bado inashika. Angeweza kuibandika tena pale pale. Lakini chini yake sasa kungekuwa na tarehe ya kweli, na kengele ingelia siku ya kweli, na mumewe angeilalia kama alivyozoea, na mabinti wale wangesimama kwenye mahafali yao na nguo za nyumbani. Akiisogeza tena tarehe, cheti kingekufa tena. Alikosa pa kukimbilia.

"Mko wapi?" Fundi aliita kutoka barazani. "Zipu nyeupe zipo za aina mbili!"

 

Aliliona kufuli kwanza. Akalishangilia, akampiga shemeji yake mgongoni hadi akakohoa, akasema alijua tangu mwanzo dunia haiwezi kufa kirahisi hivyo. Kisha macho yake yakashuka kwenye skrini.

"Leo hakuna kazi? Na hili jina la binti wa mshona viatu mbona liko chini huku? Si harusi yake iliahirishwa?"

Mtaalamu alifungua mdomo. Dada yake alimkanyaga mguu.

"Haikuahirishwa," akasema Mama Mkasi. "Haijafika."

Fundi alimtazama.

"Na ya dada yake Mwalimu?"

"Nayo haijafika."

"Na ubatizo wa yule mtoto? Na ile suti ya msimamizi?"

"Zote, Baba. Nilikuwa nasogeza tarehe ya kompyuta ili kengele ilie mapema. Hiyo ndiyo iliyoharibu cheti. Kosa ni langu, wala si la mwingine."

Fundi alienda hadi kwenye waya wa nguo. Alilishika lile shela kwenye pindo, akalisugua kati ya vidole kama anayempima mtu aliyemshonea. Alikuwa amelishona kwa mbio, akikataa hata kula, kwa hofu kwamba bibi harusi amesimama mlangoni. Aliumia. Si kwa sababu alidanganywa, maana yeye mwenyewe alikuwa amewadanganya wateja tangu siku aliyoshika sindano. Aliumia kwa sababu ya jina.

"Kwa hiyo mimi nakawia," akasema. "Siku zote nilikuwa nakawia. Watu wananiita Hakawii barabarani nami naitika."

"Nguo hizo nani kazishona?"

"Niliogopeshwa."

"Nimekuuliza nani kazishona. Mimi? Mtaalamu?" Sauti ya Mama Mkasi ilikuwa imeanza kukatika, na hilo lilimkasirisha. "Mimi nilisogeza tarehe. Sijasogeza sindano hata moja. Nilichoka kusimama mlangoni kuwaongopea watu kwamba shangazi yako amelazwa. Shangazi yako amelazwa mara ngapi kwenye nyumba hii? Mwanamke mzima wa afya, nikikutana naye sokoni naona aibu."

Mtaalamu aliona ni wakati mzuri wa kukunja nyaya zake. Alizikunja kwa umakini mkubwa, na waya wa manjano aliusukuma ukutani kwa mguu, jambo ambalo angepaswa kulifanya siku ya kwanza.

Simu ikaita. Fundi hakuisogelea, ikabidi mkewe aipokee.

"Mama, umetulia," Katibu akasema. "Kikao kimeona kufuli, wamefurahi. Kazi ni yenu. Mwambie Fundi tunazitaka sare Ijumaa ya kwanza ya mwezi wa mahafali, na nimechagua nyie hasa kwa lile jina lake. Mimi na mafundi cherehani tuna historia ndefu."

Mahafali yenyewe yalikuwa mwishoni mwa mwezi huo. Katibu hakusema hivyo, kwa sababu alikuwa ameshawahi kuvaa sketi yenye pini kwenye mkutano, akajifunza. Katika mji ule hakukuwa na mtu mzima aliyewahi kumwambia fundi siku yake ya kweli, ila kila mmoja alidhani ni yeye peke yake mjanja.

"Ahsante sana, Mheshimiwa. Ijumaa hiyo hiyo," Mama Mkasi akasema, akaiweka simu mezani.

Fundi alikuwa amesikia sauti tu, maneno hakuyasikia. Alikuja hadi kwenye meza, akaiona lebo imelala karibu na mkasi. Akaiokota. Alitafuta pini kwenye kola yake, na bila kumtazama usoni akaibana lebo ile begani kwa mkewe, juu ya blauzi, akaisawazisha kwa kidole mpaka ikakaa sawa.

"Ikae kwa mwenyewe," akasema.

Mama Mkasi aliinamisha uso, akajifanya anatafuta chaki.

"Tumepata?" Fundi akauliza.

"Tumepata."

"Wanazitaka lini?"

Alinyanyua uso. Akaitazama kompyuta, ambayo sasa ilikuwa inasema kweli tupu na haingemsaidia tena. Akamtazama mumewe.

"Katikati ya mwezi unaotangulia ule wa mahafali," akasema.

"Ni ya kweli hiyo, au ya kwako?"

"Wewe anza tu."

Fundi alimtazama kidogo, akavuta kiti, akatia uzi mweupe kwenye sindano.